Mali bila Daftari: Haki katika Uchumi wa Maarifa



Nawashukuru kwa kuuacha mchana wa Jumamosi kwa ajili ya mada ambayo kwa jina lake tu inachosha. Uchumi wa maarifa, utandawazi, maadili: haya ni maneno ya warsha, na wengi wenu mmeyasikia mkisubiri chai. Naomba niyashushe mpaka sokoni.

Nendeni Gikomba, Nairobi, au Karume, Dar es Salaam, asubuhi marobota ya mitumba yanapofunguliwa. Jinzi zinazogombaniwa ni zile zilizofifia mapajani na magotini, kana kwamba mwenyewe alizivaa miaka mitano. Nyingi zilififishwa kiwandani kabla hazijavaliwa na mtu. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mawe: jinzi zilitiwa katika mashine pamoja na mawe mepesi ya volkeno, zikazungushwa mpaka rangi ikachubuka. Mawe yalichana kitambaa, yaliharibu mashine, na mchanga wake haukuisha mifukoni. Baadaye ikapatikana njia ya upole zaidi. Ni kimeng'enya kinachokula nyuzinyuzi za juu za pamba na kuondoka na nili iliyoshika hapo. Na baadhi ya vimeng'enya vya namna hiyo asili yake ni maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Linalotajwa zaidi ni Ziwa Bogoria, Baringo.

Kijiko cha tope

Bogoria ni ziwa la maji makali. Kandokando yake kuna chemchemi zinazochemka na kuruka juu, na samaki hawaishi humo. Waishio ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, waliokwisha kuzoea joto na magadi ambayo yangeua viumbe wengine. Mgeni huona heroe. Mwenye kiwanda anaona jambo jingine. Maji ya kufulia yana moto na yana sabuni, na vimeng'enya vingi huharibika humo. Kilichotoka kwa kiumbe wa Bogoria hustahimili.

Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walichukua sampuli. Miaka ikapita, na Genencor, kampuni ya California, ikawa inaviuzia viwanda vya nguo na vya sabuni vimeng'enya vilivyotokana na viumbe wa maziwa hayo. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, likatangaza kwamba linadai fungu. Upande wa watafiti ukajibu kwamba sampuli zilichukuliwa kwa kibali. KWS ikasema haikuridhia zitumike kibiashara.

Sikuja kuamua shauri hilo. Naomba tu mtazame umbo lake, kwa kuwa tutakutana nalo tena. Mtu akitoka hifadhini na pembe ya ndovu atakamatwa getini. Akitoka na kijiko cha tope ndani ya chupa, askari atampungia mkono. Na askari hana kosa, maana ziwani hakuna kilichopungua. Heroe ni walewale, chemchemi ni zilezile. Kilichotoka ni habari: namna ambavyo kiumbe mdogo amejifunza kuishi penye moto. Habari hiyo haina uzito wala kreti, na hapakuwa na daftari la kuiandika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakimsema mwenye duka. Katika uchumi wa leo msemo huo unazihusu nchi nzima, na ndio msingi wa mhadhara wangu. Nasema hivi: dhuluma kubwa katika uchumi wa maarifa hutendeka mapema, saa ile kitu kinapotoka mkononi mwetu, kwa namna kinavyoandikwa. Kilicho chetu huandikwa sampuli, maoni, data, kazi ya kawaida. Kilicho chao huandikwa uvumbuzi. Sheria humlipa mvumbuzi. Mtoa sampuli hushukuriwa. Kwa hiyo haki inapaswa kudaiwa mlangoni, kabla kitu hakijatoka. Ikidaiwa baada ya miaka kumi na miwili, kama ilivyokuwa Bogoria, inakuwa malalamiko.

Sheria iliyoandikwa Marrakesh

Tuitazame sheria yenyewe kwa ufupi. Mkataba wa TRIPS, unaohusu haki za miliki ubunifu, ulitiwa saini Marrakesh, Aprili 1994, ukaanza kutumika mwaka uliofuata pamoja na Shirika la Biashara Duniani. Unataka kila nchi mwanachama ilinde hataza kwa miaka isiyopungua 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Miaka 20 ya kuuza peke yako si kitu kidogo, hasa kinachouzwa kikiwa ni dawa.

Wenye umri wangu wanakumbuka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikuwepo, na watu wetu walikuwa wakifa kwa kuwa gharama yake kwa mgonjwa mmoja ilifika dola elfu 10 na zaidi kwa mwaka. Mwaka 1998 kampuni za dawa ziliishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sheria yake iliyolenga kupunguza bei. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitokeza kuuza mseto wa dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Iliwezaje? India ilikuwa na sheria ya mwaka 1970 ambayo haikutoa hataza juu ya dawa yenyewe, ila juu ya njia ya kuitengeneza tu. Anayepata njia nyingine yuko huru. Miezi miwili baadaye kampuni zile, ambazo kwa wakati huo zilikuwa 39, zilifuta kesi yao. Mwezi Novemba, huko Doha, mataifa yakatamka kwamba mkataba wa TRIPS usomwe kwa namna inayolinda afya ya umma.

Tunajifunza nini hapo? Kwamba bei ile haikuwa bei ya kidonge. Ilikuwa bei ya karatasi. Na karatasi, tofauti na mvua, huandikwa na watu na inaweza kuandikwa upya na watu. Hata leo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zikiwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, hazilazimiki kutoa hataza za dawa mpaka mwaka 2033. Kenya haimo katika kundi hilo. Nafasi hiyo tumepewa kwa maandishi, lakini inamfaa mwenye kiwanda tu. Asiye na kiwanda ni kama aliyeruhusiwa kuvua akiwa hana wavu.

Aliyegundua na aliyeandikisha

Mfano wa pili mnao mifukoni mwenu. Mwaka 2005 M-Pesa ilifanyiwa majaribio Nairobi na Thika. Wakati huo ilikusudiwa kuwasaidia wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, kulipa marejesho kwa simu. Wateja wakaitia mikono yao. Walitumiana pesa. Walilipana madeni. Wapo waliokuwa wakiweka pesa humo asubuhi kabla ya safari na kuzitoa wafikapo, wasije wakaporwa njiani. Waliobuni mfumo walikuwa na busara ya kuyaona hayo, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilizinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Habari za marejesho ya mkopo ziliwekwa kando.

Basi nani alivumbua M-Pesa? Vodafone na serikali ya Uingereza zilitoa fedha za mwanzo na kubeba hatari. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na tajiri naye ni hivyohivyo. Wahandisi waliunda mfumo na mawakala walijenga mtandao kibanda kwa kibanda. Lakini matumizi, yaani kile kilichoifanya iwe M-Pesa, yalivumbuliwa na wateja wa Thika. Hao hawamo katika hati yoyote. Jina la M-Pesa lilikuwa mali ya Vodafone mpaka Aprili 2020, Safaricom na Vodacom zilipolinunua. Kwa miaka 13 huduma iliyokuzwa na Wakenya ilikuwa na mwenyewe Uingereza.

Sisemi kwamba mama wa Thika alipwe mrabaha kila mtu anapotuma shilingi mia. Haiwezekani, wala hajaomba. Nasema ukitaka kujua thamani ilitoka wapi, usisome hati ya umiliki peke yake. Hati itakuonyesha aliyeandikisha. Kumjua aliyegundua ni kazi nyingine.

Saa tisa mbele ya kompyuta

Sasa tuje kwenye jambo linaloniuma zaidi, kwa kuwa linawahusu vijana mliokaa nyuma hapo.

Programu za akili mnemba, au akili unde kama wasemavyo wengine, husifiwa kana kwamba zimejifunza zenyewe. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ili mashine ijue kwamba maandishi fulani ni matusi, ni uchochezi au ni ukatili kwa mtoto, lazima kwanza binadamu ayasome na kuyawekea alama. Mwishoni mwa mwaka 2021 kazi hiyo ilipelekwa Nairobi, kwa vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama, iliyopata zabuni kutoka OpenAI ya San Francisco. Jarida la TIME liliichapisha habari hiyo Januari 2023.

Tuikaribie kazi yenyewe. Kijana anakaa mbele ya kompyuta kwa zamu ya saa tisa. Aya inatokea, anaisoma mpaka mwisho, anachagua alama, inatokea nyingine. Nyingine inaeleza ubakaji, nyingine mateso, nyingine mtu anayejiua, na zimeandikwa kwa undani ambao sitaurudia hapa. Hawezi kuruka mistari, maana ameajiriwa aisome. Wafanyakazi walisema walitakiwa kupitia aya kati ya 150 na 250 kwa zamu. Kampuni ikasema zilikuwa 70. Hata zikiwa 70, nani kati yetu angezisoma kisha akarudi nyumbani kula na watoto?

Malipo yalikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, baada ya makato. Mkataba kati ya kampuni hizo mbili ulitaja dola 12.50 kwa saa. Sama, kampuni ya kati, ilieleza kwamba kiasi hicho hubeba pia jengo, mitambo, wasimamizi na marupurupu, na ni kweli kwamba biashara ina gharama. Bado pengo ni pana. Na juu ya 12.50 kuna thamani nyingine ambayo haikutajwa katika mkataba wowote: thamani ya bidhaa inayouzika duniani kwa sababu mtu fulani Nairobi ameisafisha.

Najua jibu mtakalopewa, kwa sababu nimelisikia hata kwa wachumi wetu wenyewe: dola mbili ni bora kuliko kukaa kijiweni, na hakuna aliyeshikiwa bunduki. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Linapima uhitaji wa anayefanya kazi, halipimi kazi. Kwa kipimo hicho, kadiri nchi inavyokuwa na vijana wengi wasio na ajira, ndivyo dhuluma inavyogeuka kuwa fadhila. Kibarua wa mkonge wa enzi za ukoloni naye aliambiwa hivyohivyo. Mimi napendekeza tuulize maswali mawili mengine. Thamani iliyotokana na kazi hii imegawanywaje? Na madhara yake yamebaki kwa nani?

Kwa swali la pili mahakama za Kenya zimeanza kutoa mwanga. Kampuni hiyohiyo ya Sama iliajiri pia, huko Nairobi, vijana wa kuchuja picha na video za Facebook. Mwaka 2022 mmoja wao, raia wa Afrika Kusini, aliishtaki kampuni hiyo pamoja na Meta. Mwaka 2023 wenzake zaidi ya 180 walifungua kesi yao baada ya kuachishwa kazi. Meta ikasema haifanyi biashara Kenya na wale si wafanyakazi wake, kwa hiyo mahakama hiyo haina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa hoja hiyo: kesi ziendelee. Katika nyaraka zilizowasilishwa mahakamani, daktari aliyewapima alieleza kwamba zaidi ya 140 kati yao wana ugonjwa wa kiwewe.

Uamuzi wa kwamba kesi zisikilizwe bado si ushindi wa kesi. Lakini mnauona uzito wake. Mtindo mzima wa kutumia kampuni ya kati umejengwa juu ya dhana kwamba faida inaweza kuvuka bahari na wajibu ukabaki ng'ambo hii. Mahakama imekubali kuisikiliza hoja kwamba wajibu nao uvuke. Kwa huzuni, mwaka huohuo 2024 Seneti ya Kenya iliwasilishiwa muswada wenye vifungu vya kumkinga mteja wa nje dhidi ya madai ya wafanyakazi wa kampuni ya kati. Hoja ilikuwa ni kuvutia ajira. Tuwe waangalifu na ajira ambayo sharti lake la kwanza ni kwamba mwajiri asishtakike.

Walichofanya Waethiopia

Nisije nikaonekana nimekuja kulia. Wapo waliodai mlangoni wakapata, na hao ndio wa kujifunza kwao.

Ethiopia ndiko kahawa ilikotoka. Majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe yanajulikana na wanywaji kahawa wa dunia nzima, na katika maduka ya Starbucks kahawa moja maalumu ya Sidamo iliwahi kuuzwa dola 26 kwa ratili. Mkulima alipata sehemu ndogo mno ya hizo. Mwaka 2005 serikali ya Ethiopia iliomba Marekani iyasajili majina hayo matatu kama alama za biashara zake. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani kikapinga, ofisi ya usajili ikasita, na shirika la Oxfam likaendesha kampeni iliyoiaibisha Starbucks. Juni 2007 pande mbili zikatia saini makubaliano: Starbucks ikatambua kwamba majina hayo yana mwenyewe.

Hapa pana werevu wa kuuchunguza. Washauri wengi waliwaambia Waethiopia watumie njia ya Ulaya, ile inayolinda mvinyo na jibini kwa kutaja mahali zinakotoka. Wakakataa. Njia hiyo inahitaji ukaguzi wa shamba kwa shamba, na kahawa yao hulimwa katika vishamba vidogo vinavyokadiriwa kufika milioni nne. Nani angevikagua? Wakachagua alama ya biashara. Kisha, badala ya kudai mrabaha, wakatoa leseni bila malipo kwa kila aliyekubali kulitambua na kulitangaza jina. Aliyesikia hilo kijuujuu alidhani wamepoteza. Wao walikuwa wanajua kwamba anayeshika jina anapata nafasi mezani bei inapozungumzwa, na kwa muuzaji wa kahawa nafasi hiyo ina thamani kuliko senti chache za leseni. Asiyekuwepo na lake halipo.

Sisemi kila mkulima wa Sidamo amekuwa tajiri. Bei ya kahawa bado hupangwa katika masoko ya mbali. Lakini tofauti kati ya Bogoria na Sidamo haikuwa nguvu ya jeshi wala utajiri. Ilikuwa ofisi ndogo ya miliki ubunifu yenye watu waliosoma vizuri na serikali iliyowasikiliza.

Je, maarifa si ya wote?

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, na baadhi yenu mmelibeba tangu nilipoanza. Ukinifundisha hesabu, hesabu yako haipungui. Maarifa hukua kwa kugawanywa. Sasa kwa nini tuweke malango? Tukianza kudai mkataba kwa kila kijiko cha tope na kila sentensi ya Kiswahili, si tutaua utafiti wenyewe?

Ni kweli, na mimi mwenyewe nimefaidi maktaba za watu. Lakini uwazi una sharti moja: uwe wa pande zote. Tope lilitoka bure, kimeng'enya kikarudi na hataza. Mtafiti wa Dar es Salaam huwapa wachapishaji wa ng'ambo makala yake bila malipo, kisha chuo chake huenda kikatakiwa kulipia kuisoma. Na kwa mwandishi aliyetaka makala yake isomwe bure na wote, jarida la Nature lilitangaza mwaka 2020 ada ya euro 9,500. Huo ni mlango unaofunguka upande mmoja. Ukiutetea kwa jina la uhuru wa maarifa, unamtetea yule ambaye tayari ana ghala.

Tazameni lugha yetu. Leo Kiswahili kinatafutwa, na nasema hivyo kwa furaha na kwa wasiwasi. Mashine haziwezi kukijua bila kupewa sauti zetu na maandishi yetu. Vijana wengi wamejitolea kurekodi sentensi katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, na rekodi hizo hutolewa karibu bila sharti lolote, yeyote azitumie apendavyo. Nia ni njema, na wapo watafiti wadogo wa Afrika waliofaidika. Lakini kitu kikiachwa wazi kabisa, atakayekitumia zaidi ni mwenye mashine kubwa zaidi, na anaweza kukiuza tena kwa walewale waliokitoa.

Wamaori wa New Zealand walichukua njia nyingine. Mwaka 2018 kituo cha redio cha jamii, Te Hiku Media, kiliwaomba watu wake wasome sentensi za Kimaori, na ndani ya siku kumi kilipata zaidi ya saa 300 za sauti. Kampuni zikaja kutaka kununua. Kituo kikakataa, kikaandika leseni yake: sauti hizi ziko chini ya ulezi wa jamii, na anayezitaka aeleze atazitumia kwa manufaa ya nani. Kisha wakaunda wenyewe programu ya kutambua usemi wa Kimaori. Wao ni watu wachache kuliko wakazi wa Mwanza. Sisi tunaozungumza Kiswahili ni makumi ya mamilioni, na lugha yetu ni lugha rasmi ya Umoja wa Afrika. Leseni yetu iko wapi?

Haki yetu sisi kwa sisi

Kabla sijataja yanayotupasa, lazima nirudi Baringo, maana nimeiacha hadithi nusu. KWS ilipodai fungu, ilidai kwa niaba ya Kenya. Lakini Bogoria ilikuwa na watu kabla ya kuwa hifadhi. Ni Waendorois, wafugaji waliolitambikia ziwa hilo na kuzijua chemchemi zake, na mwaka 1973 serikali ilianza kuwaondoa ili itenge hifadhi ya wanyama. Walikwenda mahakamani nyumbani, wakashindwa. Wakaenda kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2010 ukatangazwa uamuzi kwamba haki zao zilivunjwa: warudishiwe ardhi, wafidiwe, na wapewe mrabaha wa shughuli za kiuchumi zinazofanyika hapo. Utekelezaji wake umekwenda kwa mwendo wa kinyonga.

Mnaona basi. Yule aliyemnyooshea kidole mgeni kwa kuchukua bila kuuliza, naye alikuwa amechukua bila kuuliza. Mwaka 2007 KWS ilitia saini mkataba wa utafiti na kampuni ya Novozymes ya Denmark, na hilo lilikuwa jambo la maendeleo: safari hii daftari lilifunguliwa kabla sampuli hazijatoka. Lakini mkataba kati ya ofisi ya Nairobi na kampuni ya Denmark haujamfikia mwenye ziwa mpaka jina lake liandikwe humo. Na hili si la Kenya peke yake. Mganga wa Tanga anayemwonyesha mtafiti mti, mkulima wa Mbozi anayetoa mbegu aliyoichagua kwa miaka, dada anayetafsiri mahojiano kutoka Kisukuma: wote hao huishia katika mstari mmoja wa shukrani, wakiwa na bahati. Dhuluma inayofanywa kwa Kiswahili haiwi nyepesi kuliko ile ya Kiingereza.

Yaliyo mikononi mwetu

Mei 2024, mjini Geneva, nchi wanachama wa WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, zilikubaliana mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza ataje asili ya rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi aliyoyategemea. Utaanza kufanya kazi nchi 15 zikiuridhia. Ungekuwepo mwaka 1992, jina la Kenya lingelazimika kuandikwa katika ombi la hataza lenyewe. Naziomba serikali zetu ziuridhie bila kungoja kusukumwa.

Lakini ukumbi huu hauna wabunge. Una watafiti, wanasheria, wahandisi na wanafunzi, kwa hiyo nitawaachia lililo ndani ya uwezo wenu. Kila siku tunatia saini karatasi: maombi ya kibali cha utafiti COSTECH ya Tanzania au NACOSTI ya Kenya, makubaliano ya kuhamisha sampuli, fomu za ridhaa, mikataba na wafadhili. Chukueni fomu ya ridhaa yoyote muisome mpaka chini. Mara nyingi mtakuta sentensi inayosema taarifa zitakazokusanywa zinaweza kutumika katika tafiti nyingine baadaye. Tafiti zipi? Za nani? Zikizaa bidhaa, itakuwaje? Sentensi hiyo ndiyo geti la Bogoria, na askari wa getini ni wewe.

Iandikwe upya. Matumizi yatajwe na yawe na mpaka, na yakigeuka ya kibiashara turudi mezani. Chanzo kitajwe kwa jina: kijiji, jamii, na mtu akiridhia. Fungu liandikwe kama haki yenye kiwango, lisiachwe kuwa zawadi ya mwisho wa mradi. Mahali pa kushtakiana pawe hapa, penye mtu atakayeumia. Na mliosomea sheria na kompyuta, kaeni pamoja muiandike leseni ya data za Kiswahili ambayo mtafiti mdogo ataitumia bila malipo na kampuni kubwa italipia.

Mfadhili anaweza kukasirika. Wengine wataondoka kweli, na kuna miradi tutakayoikosa, nisiwadanganye. Lakini Starbucks haikuacha kununua kahawa ya Ethiopia, na Novozymes ilikuja Kenya baada ya KWS kupiga kelele, haikukimbia. Anayekihitaji kitu chetu hutia saini. Tusipomwekea karatasi mbele yake, ataleta ya kwake.

Sasa niulizeni.